Jifya Moja Haliinjiki Chungu

Wanachuo wenzangu, naomba nianze na hesabu. Kitovu cha Jua kina joto la nyuzi milioni 15 hivi za Selsiasi. Mashine ya ITER, inayojengwa Cadarache kusini mwa Ufaransa, imekusudiwa ifike nyuzi milioni 150. Yaani mara kumi ya kitovu cha Jua, hapa hapa duniani, ndani ya chombo kilichoundwa na mafundi wanaokula mchana kama sisi. Ukilisema hili pale vimbweta, mtu wa kwanza atauliza: sasa hicho chombo hakiyeyuki? Ni swali zuri na nitalijibu. Ila swali lililonishika mimi mwaka huu ni jingine, na ukilitazama haraka unaliona dogo: moto huo unawashwa na nini?

Nalileta hapa kwa sababu linanidai uamuzi. Niko mwaka wa tatu, fizikia, na kabla semista haijaisha natakiwa niwe nimeandikisha mada ya mradi wa mwisho. Mada mbili ziko mezani. Ya kwanza ni hita ya maji inayotumia nguvu ya jua: vifaa vipo, vipimo vya waliotutangulia vipo, na mtu akitulia hapati sapu. Ya pili ni namna ya kuchanganya njia za kupasha moto plazma kwenye mashine za muungano wa viini vya atomi. Nilipoitaja ya pili kwenye kundi letu la WhatsApp, jibu la kwanza lilikuwa: "Kaka, hapa hosteli maji ya kuoga yenyewe ni ya baridi." Tulicheka wote. Ila nyuma ya utani ule kuna hoja, na hoja hujibiwa kwa hoja.

Tuanze na chombo. Deuteri na triti ni aina mbili za hidrojeni. Viini vyake vina chaji chanya, na chaji zinazofanana hufukuzana. Ili vigongane hadi viungane, lazima viwe na kasi kubwa sana, na kasi ya chembe ndiyo hiyo tunayoiita joto. Kwenye joto la namna hiyo atomi haibaki nzima. Elektroni zinaachana na viini, na gesi inakuwa plazma. Uzuri wa plazma ni kwamba ina chaji, kwa hiyo inatii sumaku. Ukiizungushia sumaku kubwa inaelea ndani ya chombo chenye umbo la tairi bila kukaa ukutani. Tena ni nyepesi mno: hewa unayovuta sasa hivi ina chembe zaidi ya mara laki mbili katika kila mita ya ujazo. Plazma yote ya ITER, katika chombo kikubwa kama jengo, haitafika gramu moja. Kwa hiyo chombo hakiyeyuki kwa sababu joto ni kali lakini kilichobeba joto hilo ni kidogo, na kimeshikwa mbali na ukuta.

Sasa moto. Njia ya kwanza ni mkondo wa umeme. Kwenye mashine aina ya tokamaki, ambayo ni ubunifu wa Warusi, plazma yenyewe inapitishiwa mkondo kana kwamba ni waya. Mkondo unasaidia kuishikilia, na papo hapo unaipasha, sawa na ile koili ya kuchemshia maji ambayo hosteli nyingi zimeipiga marufuku. Mwaka 1968, kwenye mkutano wa Novosibirsk, Warusi walitangaza kuwa tokamaki yao ya T-3 imefika karibu nyuzi milioni 10. Wengi wa Magharibi hawakuamini. Mwaka 1969, katikati ya Vita Baridi, timu kutoka Culham, Uingereza, ikafunga safari hadi Moscow na mitambo yake ya leza, ikapima yenyewe, ikakuta ni kweli. Tangu hapo dunia nzima ikaanza kujenga tokamaki.

Mtu atasema: basi ongeza mkondo mpaka ufike unakotaka. Hapo ndipo plazma inapokugomea. Waya wa shaba ukipata joto, ukinzani wake unapanda. Plazma ni kinyume: ikipata joto, ukinzani unashuka, tena kwa kipeo cha moja na nusu. Nimeipiga hesabu hii mwenyewe kwenye daftari. Plazma ikitoka nyuzi milioni 10 ikaenda milioni 100, joto limepanda mara 10, lakini ukinzani umeshuka karibu mara 32. Tena hata kwenye nyuzi milioni 15 au 20 plazma tayari inapitisha umeme kama shaba safi. Na koili isiyo na ukinzani haichemshi maji. Yaani kadiri unavyofaulu kuipasha, ndivyo kifaa chako kinavyoishiwa nguvu ya kuipasha. Ukilazimisha mkondo mkubwa kupita kiasi, plazma inajipinda, inavunjika, na joto lote linamwagika ukutani kwa kufumba na kufumbua. Njia hii inakuacha kwenye nyuzi milioni 20 au 30. Ukitaka milioni 150, bado hata nusu ya safari hujafika.

Njia ya pili ni kurusha atomi. Ukitaka maji ya ndoo yapate moto haraka, unamiminia maji yaliyokwisha kuchemka. Ndivyo ilivyo hapa, ila kuna kikwazo: sumaku ile ile inayozuia plazma isitoke inazuia pia chembe zenye chaji zisiingie. Basi mafundi wanafanya ujanja wa hatua tatu. Wanachukua ioni na kuzisukuma kwa volti nyingi mpaka zipate kasi. Kisha wanazipitisha kwenye gesi ili zikutane na elektroni na kupoteza chaji. Halafu zile atomi zisizo na chaji zinapenya sumaku kama hazijaiona, zinaingia kwenye plazma, zinavunjika tena kuwa ioni, na zinagawa kasi yake kwa wenzake. Mwaka 1978 mashine ya PLT ya Princeton, Marekani, ilifika nyuzi milioni 60 kwa kutumia miale hii. Hakuna aliyekuwa amefika huko kwa tokamaki inayotegemea mkondo peke yake.

Nayo ina mipaka yake. Huwezi kuanza nayo, maana plazma ikiwa bado nyembamba, mwale unapita moja kwa moja na kutoboa upande wa pili. Mashine ikiwa kubwa, tatizo linageuka: mwale wenye nguvu ndogo unaishia pembeni, na katikati kunabaki kama kulivyokuwa. Kwa ukubwa wa ITER zinahitajika volti milioni moja. Lakini ioni chanya ikishakuwa na kasi kiasi hicho haikubali tena kuchukua elektroni, inapita tu. Ikabidi kurudi nyuma na kutumia ioni hasi, yaani atomi iliyobeba elektroni moja ya ziada, kwa sababu kuvua ni rahisi kuliko kuvisha. Japani walianza kuitumia njia hiyo kwenye mashine ya JT-60U katikati ya miaka ya 1990, na Padova, Italia, kumejengwa kituo kizima cha kujaribia mwale wa ITER kabla haujapelekwa Cadarache.

Njia ya tatu ni mawimbi. Kila chembe yenye chaji iliyo ndani ya sumaku huzunguka, na idadi ya mizunguko yake kwa sekunde inategemea nguvu ya sumaku na uzito wa chembe. Ukimsukuma mtoto kwenye bembea ovyo ovyo, haendi. Ukimsukuma kwa mpigo wa bembea yenyewe, kwa nguvu kidogo tu anapaa. Elektroni huzunguka mara bilioni 28 kwa sekunde kwa kila tesla moja. Katikati ya ITER sumaku ni tesla 5.3, na masafa yaliyochaguliwa ni gigahezi 170. Maikrowevu ya kupashia chakula hutumia gigahezi 2.45, kwa hiyo unaweza kupiga picha ya tofauti. Chombo kinachotoa mawimbi hayo kinaitwa jairotroni. Kimoja hutoa kama megawati moja, na dirisha ambalo mawimbi yanapitia limetengenezwa kwa almasi, kwa sababu hakuna kioo kingine kinachostahimili. Nilipoisoma hii nilisimama kwanza nikaenda kunywa maji.

Ioni nazo zina mpigo wake, wa polepole zaidi kwa sababu ni nzito. Kwa ITER ni megahezi 40 hadi 55, chini kidogo ya masafa ya FM unayosikiliza kwenye daladala. Hapa kuna jambo lililonifurahisha kuliko yote. Ukiwa na plazma ya deuteri tupu na ukapiga wimbi kwa mpigo wa deuteri yenyewe, plazma inalificha wimbi lile, ioni hazipati kitu. Lakini ukichanganya hidrojeni ya kawaida kidogo tu, asilimia chache, ukapiga mpigo wa hidrojeni hiyo, hao wachache wanalimeza wimbi, wanapata kasi kubwa, kisha wanawagawia wengi kwa kugongana nao. Wachache ndio wanaofungua mlango.

Mawimbi nayo hayakosi shida. Ya elektroni yanaelekezeka vizuri, unaweza kuyalenga kama tochi, ila yanapasha elektroni, na wanaotakiwa kuungana ni ioni. Tena plazma ikiwa nzito mno yanarudishwa, kwa kanuni ile ile inayofanya redio ya masafa mafupi idunde kwenye anga la juu na kusikika nchi za mbali. Ya ioni hayapendi nafasi tupu, kwa hiyo antena lazima ikae karibu sana na plazma, na antena iliyo karibu na moto wa namna hiyo hubanduka chembe chembe na kuichafua plazma.

Nimezieleza kwa urefu kwa makusudi. Sisi wanachuo tumezoea swali la aina moja: linganisha A, B na C, kisha taja iliyo bora. Ukidesa majibu ya miaka iliyopita utakuta swali hilo limejaa. Sasa jaribu kulijibu hapa. Mkondo unawasha lakini unaishiwa. Mwale unasukuma lakini hauwezi kuanza. Mawimbi yanalenga lakini kila moja linamfikia wake tu. Hakuna iliyo bora. Wazee wa pwani walikwisha kusema kwamba jifya moja haliinjiki chungu, na kwenye plazma methali hiyo imekuwa kanuni ya uhandisi. Swali lenye maana ni jingine: ipi ianze, ipi ifuate, ipi ielekezwe wapi, na ipi izimwe lini?

Na usidhani kuchanganya ni kujumlisha. Hili ndilo linaloufanya mradi wangu uwe mradi. Ukiongeza nguvu ya kupasha, plazma inavurugika zaidi na inavuja joto haraka zaidi. Muda ambao inaweza kukaa na joto lake hupungua, kwa makadirio ya kawaida, kwa kipeo cha nusu cha nguvu uliyoingiza. Ukiongeza nguvu mara mbili, nishati iliyomo ndani haipandi mara mbili, inapanda kama asilimia 41 tu. Miaka ya mwanzo ya 1980 jambo hili liliwakatisha tamaa watu wengi. Kisha mwaka 1982, kwenye mashine ya ASDEX kule Garching, Ujerumani, Fritz Wagner na wenzake wakaona ajabu. Walipopitisha nguvu ya mwale juu ya kiwango fulani, plazma ghafla ilijijengea kizuizi ukingoni, uvujaji ukapungua, na muda wa kukaa na joto ukakaribia kuongezeka maradufu. Hadi leo mashine kubwa zinapangwa kwa kutegemea hali hiyo. Yaani joto si wingi peke yake. Kuna kiwango ambacho ukikivuka, plazma inabadilika tabia.

Mfano mwingine ni uchafu. Kuta za mashine mpya hufunikwa kwa tangsteni, kwa sababu inayeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 3,400. Lakini atomi za tangsteni zikibanduka na kuingia katikati ya plazma, zinamwaga joto nje kama mwanga. Sehemu chache tu katika laki moja zinatosha kuipoza. Ukipasha kwa mwale peke yake, tangsteni ina tabia ya kujikusanya katikati. Ukiongeza mawimbi yaliyolengwa kitovuni, inafukuzwa. Waliokuwa JET, Uingereza, walifanya hivyo kwa mawimbi ya ioni. Walioko Garching wanafanya hivyo kwa mawimbi ya elektroni. Hapo wimbi halikuja kuongeza joto tu, limekuja kufagia. Tena wimbi la elektroni likilengwa kwa vioo vinavyogeuka, linaweza kupelekwa mahali hasa ambapo sumaku imeanza kujikata na kufanya visiwa vinavyovujisha joto, likaviziba kabla plazma haijavunjika.

Kwa anayetaka picha ya nyumbani: anayepika wali wa nazi kwa mkaa haachi moto wote chini mpaka mwisho. Moto wa chini unachemsha. Maji yakikauka anaupunguza, anapalia makaa juu ya kifuniko, na wali unaiva kwa moto wa juu na mvuke wake wenyewe. Ukimuuliza ni moto upi ulioivisha wali, wa chini au wa juu, atakushangaa.

JET ndiyo iliyonionyesha mchanganyiko ukifanya kazi. Mwaka 1997 ilitoa megawati 16 za muungano wa viini kwa sekunde chache huku ikiingiziwa megawati kama 24, kwa mkondo, miale na mawimbi ya ioni pamoja. Mwezi Oktoba 2023, karibu na kufungwa kwake, ilitoa megajuli 69 kutokana na miligramu 0.2 za mafuta. Igawe kwa 3.6 upate uniti za LUKU: ni 19 na pointi. Uniti 19 kutoka kwenye kitu ambacho ukikiweka kwenye kiganja hukioni. Ni joto, si umeme, na kilichoingizwa kilikuwa zaidi ya kilichotoka. Nayasema yote mawili kwa sababu anayelisifu jambo kwa kuficha nusu yake hajalisaidia.

Atatokea wa kunibishia, na nimeshabishiwa. Mbona Wendelstein 7-X, kule Greifswald, Ujerumani, haina mkondo kabisa na inafanya kazi? Kweli. Ile ni stelareta, umbo la sumaku zake limesokotwa kiasi kwamba haihitaji mkondo wa kushikilia plazma. Inategemea hasa mawimbi ya elektroni ya gigahezi 140. (Piga hesabu: sumaku yake ni tesla 2.5, mara 28 unapata 70. Wanatumia maradufu ya mpigo, na elektroni zinakubali.) Mwanzoni mwa 2023 iliweka plazma kwa dakika 8. Lakini tazama ndani. Majaribio yaliyopasha elektroni peke yake kwa kulisha gesi ya kawaida yalikuta ioni zinagota karibu na nyuzi milioni 17, hata elektroni zikiwa na joto zaidi sana. Ili ioni zipande ilibidi kubadili kitu kingine, kama kulisha mashine kwa vidonge vya hidrojeni iliyogandishwa. Na mashine hiyo hiyo imeongezewa miale na mawimbi ya ioni. Aliyetoa jifya moja amelazimika kutafuta jingine.

Ukiniuliza lengo la yote haya ni nini, jibu ni kwamba mioto yote mitatu inawashwa ili ifike mahali isihitajike sana. Deuteri na triti zikiungana zinatoa kiini cha heliamu na nyutroni. Nyutroni inaondoka na sehemu nne kati ya tano za nishati, na hiyo ndiyo ya kuchemshia maji ya kuzungusha jenereta. Heliamu ina chaji, kwa hiyo inabaki ndani ya sumaku na sehemu yake moja ya tano, na inaipasha plazma kutoka ndani. Mpango wa ITER ni kuingiza megawati 50 za kupasha na kupata megawati 500 za muungano. Moja ya tano ya 500 ni 100. Yaani siku hiyo moto wa ndani utakuwa mara mbili ya moto wote wa nje. Wali utakuwa unaiva kwa mvuke wake.

Na hata mafundi wa ITER hawajaacha kupanga upya mafiga yao. Mpango wa awali ulikuwa megawati 33 za miale, 20 za mawimbi ya ioni na 20 za mawimbi ya elektroni. Baada ya kuamua ukuta uwe wa tangsteni badala ya berili, mpango mpya uliotangazwa 2024 umeyaongeza sana mawimbi ya elektroni, kwa sababu ukuta mpya unahitaji fagio kubwa zaidi. Watu wenye bajeti ya mabilioni wanabadilisha uwiano kati ya moto na moto. Mimi mwenye kompyuta mpakato yenye betri iliyochoka naweza kuihesabu sehemu ndogo ya uwiano huo.

Hapo nafika kwa mjomba. Yeye ndiye anayejazia pale bumu linapoishia, kwa hiyo ana haki ya kuuliza. Nikampigia, nikamwamkia, nikamweleza mada zote mbili. Akasikiliza mpaka mwisho. "Sawa, mjomba," akasema, maana mimi na yeye huitana hivyo hivyo. "Hiyo kazi yenyewe iko wapi?"

Mjomba ni fundi wa kuchomelea vyuma. Nikamwambia ule mwanga wa buluu anaoufichia macho kila siku ni plazma, na unapashwa kwa mkondo, njia ile ile ya T-3. Akaguna. Nikamuuliza akiletewa chuma cha chungu kilichopasuka, kile kinene, anafanyaje. Akajibu bila kufikiri: "Hicho hukigusi na umeme tu, kitapasuka tena. Unakipasha kwanza kwa gesi, pole pole, kote. Ndipo unachomelea. Ukimaliza unakifunika kipoe taratibu." Nikamwambia mradi wangu ndio huo. Akacheka, ila hakuacha swali lake, na ni haki yake, nami nilimjibu bila kupamba. Hapa nchini hakuna tokamaki ya kuniajiri. Anayetaka kugusa mashine yenyewe atalazimika kuomba masomo ya juu nje na kushindana na dunia. Lakini vipande vinavyoiunda mashine ile havijafungiwa Ufaransa. Antena ya megahezi 40 ni ndugu wa mtambo wa kurushia redio. Sumaku za baridi kali zinazoshikilia plazma ni za ukoo mmoja na sumaku ya MRI hospitalini. Volti kubwa, pampu za kuondoa hewa, kompyuta ya kudhibiti joto lisilotulia: anayevijua hivi hakosi pa kuanzia. Akasema, "Angalau umenijibu kama fundi." Sikupata ndiyo, wala sikupata hapana.

Msimamizi wangu naye alikuwa na swali gumu kuliko la mjomba: "Utapima nini?" Maabara yetu haiwezi kutengeneza plazma ya aina hii, na hakuna haja ya kujifanya inaweza. Nilimpelekea karatasi moja. Nitaandika programu ya mizania ya nishati: kinachoingia kwa mkondo, kwa mwale, kwa mawimbi na kwa heliamu, kisha kinachotoka kwa kuvuja na kwa mwanga wa uchafu. Nitaipa takwimu za JET za 1997 zilizochapishwa na kuona kama inatoa kinachokaribia kile walichokipima. Ikishindwa hapo, haina kibali cha kusema lolote kuhusu ITER. Ikifaulu, nitauliza swali moja tu: kwa jumla ile ile ya megawati, ni mpangilio upi wa kuwasha na kuzima unaoifikisha plazma mahali ambapo heliamu inachukua kazi? Akaisoma mara mbili, akaniambia niandike na namna nitakavyojua kuwa nimekosea. Nimeiandika.

Kwa wale wanaosema tusome vinavyotuhusu, nakubaliana nao zaidi wanavyodhani. Hita ya jua inatuhusu, na aliyechukua mada ile namtakia heri, hosteli inamsubiri. Ila swali la jinsi ya kupanga mioto mitatu yenye tabia tofauti, kila mmoja ukiwa na mahali unapofia, halina pasipoti. Mahitaji yake ni karatasi, hesabu za mwaka wa pili, na mtu asiyekimbilia kuuliza ipi bora.

Fomu nimeiwasilisha Jumatatu, mada ya pili. Natafuta mmoja wa kompyuta anayeweza kunisaidia kuharakisha programu, maana kwa sasa mzunguko mmoja wa hesabu unachukua usiku mzima, na umeme ukikatika katikati naanza upya. Jioni nipo kimbweta cha mwisho, karibu na mwembe. Njoo na chaja yako.